Tangi la maji ya chumvi limeota ute? Soma hapa kabla hujamwaga dawa yoyote

Habari wakuu. Karibu kila wiki naletewa swali lilelile na picha ileile: mchanga umefunikwa na kitu chekundu kama ule utando wa maziwa yaliyopoa, au mawe yamening'iniza makamasi ya kahawia yenye mapovu, halafu chini ya picha mtu ameandika "niweke dawa gani?" Ndo maana nimeamua kukaa chini niandike yote sehemu moja, kwasababu swali la dawa ni la mwisho kabisa, na wengi wanaopoteza samaki hawauliwi na ute, wanauliwa na haraka ya mwenye tangi.

Mi nina tangi la lita 200 hapa Dar, la matumbawe laini na samaki wadogo. Nimeshapata karibu kila aina ya uchafu nitakaoutaja hapa chini, na mmoja nilikosea kuutambua nikapoteza konokono wote kumi na moja ndani ya siku tisa. Nitaeleza huko mbele maana ndo kosa linalorudiwa zaidi.

Andaa hivi kwanza

- Mpira mwembamba wa kunyonyea maji, ule laini unaoonyesha ndani, mita 2 unatosha. Mpira mnene unanyonya mchanga wako wote.
- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuingia sabuni hata siku moja. Ziandike kwa maka peni "TANGI" ili mtu wa nyumbani asije akafulia.
- Soksi ya filta, ile yenye matundu madogo sana.
- Mswaki mpya, na sindano kubwa isiyo na ncha ya kupulizia uchafu kwenye mawe.
- Glavu ndefu na miwani ya kukinga macho. Usiniambie utavaa siku nyingine, soma hatua ya 2 utaelewa.
- Vipimo vya naitreti na fosfeti (hivi ndo chakula cha mwani kilichoyeyuka kwenye maji), na refraktomita ya kupimia chumvi.
- Maji ya RO (yale yaliyochujwa kwa mashine mpaka karibu kila kilichoyeyuka kimetoka) na chumvi ya akwariamu ya bahari. Sio chumvi ya jikoni jamani, ile haina kalsiamu wala magnesiamu inayotakiwa.
- Pampu ndogo ya hewa, hasa ya betri, umeme wetu mnaujua.
- Karatasi moja ya kuchujia kahawa na glasi ya kuonea. Ukiwa na mtu wa kukuazima hadubini ni bora zaidi, hata ile ndogo ya shule inatosha.

Jua umepata nini

Hapa usipite haraka. Kuna aina nne kubwa, na matibabu ya moja yanainenepesha nyingine.

Ya kwanza ni vumbi la kahawia, linaitwa daiatomu. Linakaa kwenye mchanga na kioo kama unga wa kakao, ukipitisha kidole linatoka palepale, halivutiki. Linakuja sana kwenye tangi jipya, wiki za mwanzo mpaka mwezi wa pili hivi, linakula silikati iliyoko kwenye maji na mchanga. Kama ndo hili lako basi tulia, futa kioo, tumia maji ya RO, likimaliza chakula chake linaondoka lenyewe. Asilimia kubwa ya wanaoniuliza wakiwa na tangi la wiki tatu wana hili na hawahitaji kununua chochote.

Ya pili ni ngozi nyekundu. Hii kwa kweli sio mwani, ni bakteria wanaoishi kwa mwanga, sianobakteria. Mara nyingi rangi ni ya damu ya mzee au zambarau iliyoiva, ila kuna ya kijani kibichi na hata nyeusi, kwahiyo rangi pekee isikudanganye. Dalili yake ni kwamba ukiishika pembeni inabanduka kipande kizima kama stika, na ukiinusa inanuka tope la mikoko. Inapenda sehemu ambazo maji yamelala.

Ya tatu ndo mbaya, dinoflajeleti, viumbe vidogo sana vya chembe moja. Kamasi la kahawia au la njano, limening'inia kwa nyuzi toka kwenye ncha za mawe na matumbawe, na kila ncha ina kipovu cha hewa. Asubuhi kabla taa hazijawaka unaona tangi safi kabisa unafurahi, ikifika saa nane mchana limerudi lote. Ukiona na konokono wanalala chali hawanyanyuki, weka akilini hii, maana baadhi yake zina sumu na konokono wakila wanakufa.

Ya nne ni mwani wenyewe wa kijani: nyuzi ndefu kama nywele, au wenye umbo la unyoya mdogo, au vigololi vya kijani vinavyong'aa kama shanga. Huu umeshika jiwe kwelikweli, ukivuta unakatika, sehemu iliyoshika jiwe inabaki.

Shida ni kutofautisha daiatomu, ngozi na dinoflajeleti zikiwa zote za kahawia. Fanya kipimo hiki cha karatasi ya kahawa: chota kijiko kimoja cha ute uweke kwenye chupa ndogo na maji ya tangi, funga, tikisa kwa nguvu mpaka uvunjikevunjike wote, chuja kwa karatasi ya kahawa uingie kwenye glasi safi, hayo maji yaliyochujwa yaweke chini ya taa ya tangi kama saa moja. Kama yamejikusanya tena yakawa makamasi yenye nyuzi na mapovu, hizo ni dinoflajeleti, chembe moja moja zimepita kwenye karatasi halafu zimetafutana. Kama maji yamebaki kama yalivyo basi ni kingine. Ukiwa na hadubini utaona dinoflajeleti zinatembea, sianobakteria utaona ni minyororo au nyuzinyuzi, na daiatomu ni kama vijiti au mitumbwi ya kioo.

Nadharia ni hii tu basi: baharini ute na mwani vipo kila sehemu, ila pale kwenye mwamba kuna samaki kama tafi na kangaja, na konokono, wanakula mchana na usiku, na maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kwenye kioo chako walaji ni wachache, maji ni yaleyale, na chakula unaweka wewe.

Hatua ya 1: Pima na piga picha, usiguse kitu

Siku ya kwanza kazi yako ni kupima tu. Naitreti, fosfeti, chumvi, joto. Andika na tarehe. Pima pia maji unayojazia tangi kabla hujaweka chumvi, watu wengi sana hawafanyi hili, unakuta mtu anahangaika miezi minne kumbe maji ya kisima chake yana naitreti kibao na kila akijazia anapalilia. Kama una mita ya TDS (inapima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji), maji ya RO yenye chujio la mwisho yanatakiwa kusoma 0, yakianza kusoma 5 au 10 badilisha hilo chujio.

Kwa tangi la matumbawe laini mi nalenga naitreti miligramu 5 mpaka 10 kwa lita, fosfeti miligramu 0.03 mpaka 0.1 kwa lita, chumvi 1.025 kwenye refraktomita na joto nyuzi 25 mpaka 26.

Angalizo: tangi likiwa limejaa nywele za kijani halafu kipimo kinasoma naitreti 0, haina maana kwamba maji yako hayana chakula. Maana yake mwani umeshakila kabla hujapima.

Hatua ya 2: Zima umeme, vaa glavu, nyonya

Chomoa hita kwanza. Hita ikibaki nje ya maji ikiwa inawaka inapasuka. Halafu zima pampu zote ili ute usiruke. Na mkono wako usiingie kwenye maji kama kuna waya wowote hauna ule mkunjo wa kushusha matone kabla ya soketi.

Weka ndoo chini, mdomo wa soksi kwenye ndoo, anza kunyonya ute kwa mpira mwembamba. Ngozi nyekundu usiisugue! Ukiisugua ndani ya maji unaivunja vipande mia na kila kipande kinaenda kuanzisha shamba kwingine. Sogeza mpira pembeni ya utando, subiri inyanyuke yenyewe, iviringishe iingie. Kwenye mawe tumia mpira na mswaki kwa pamoja, mswaki unasugua na mpira uko palepale unameza. Nywele za kijani zing'oe kwa vidole kwanza, zile ndefu zizungushie mswaki kama unasokota tambi.

Na sasa kuhusu glavu. Kuna matumbawe yale ya maua madogomadogo, zoanthidi, mengi yanauzwa na yanapendeza sana, baadhi yana sumu kali inayoitwa palitoksini. Usiyasugue kwa mkono mtupu, usitoe jiwe lenye hayo ukalimwagia maji ya moto au kulichemsha "kuua wadudu", mvuke wake umeshalaza familia za watu hospitali nchi za nje. Ute wa dinoflajeleti nao usiuguse halafu ukajifuta macho. Ukimaliza nawa mpaka kwenye viwiko.

Hatua ya 3: Rudisha maji, lakini sio kwa kila mtu

Kama una ngozi nyekundu au mwani wa kijani: badilisha asilimia 15 mpaka 20. Chumvi ni gramu 35 hivi kwa lita, koroga kwa pampu usiku kucha, pima na refraktomita, weka joto sawa na la tangi ndo umimine.

Kama ni dinoflajeleti: USIBADILISHE MAJI. Yale maji yaliyopita kwenye soksi yarudishe tangini. Mara nyingi maji mapya na safi ndo yanazipa nguvu, nimeiona kwangu na kwa wenzangu.

Wanaokaa Pwani huwa wananiuliza kwanini wanunue chumvi wakati bahari iko hapo. Unaweza kutumia maji ya bahari, wapo wanaofanya vizuri, ila sio ya kuchota pale ufukweni mjini. Mto Msimbazi unamwaga palepale daraja la Selander na kila mtu anajua umebeba nini. Nenda na boti mbali na midomo ya mito, chota maji yakiwa yamejaa, acha kabisa kipindi cha masika maana maji yanashuka chumvi na yanakuja na tope na mbolea za watu. Ukifika nyumbani chuja, weka kwenye pipa lililofunikwa lisipate mwanga, tia hewa, pima chumvi, pima fosfeti. Ikikuzidia kazi nunua chumvi.

Hatua ya 4: Amsha maji yaliyolala

Kwa ngozi nyekundu hii ndo hatua inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Mzunguko wa pampu zako zote kwa saa uwe mara 20 mpaka 40 ya ujazo wa tangi, yani kwa lita 200 ni lita 4,000 mpaka 8,000 kwa saa. Lakini namba peke yake haitoshi, unaweza kuwa na pampu ya nguvu inapiga kioo cha mbele tu, nyuma ya mawe kumekufa. Dondosha chembe kidogo za chakula, angalia zinapotua na kukaa. Hapo zinapokaa ndo hapo ute unaota, nenda kaangalie utaniambia. Geuza pampu, sogeza jiwe lisigusane na kioo, acha njia ya maji kupita nyuma.

Kila wiki chukua ile sindano kubwa upulizie mashimo ya mawe, utaona wingu la uchafu linatoka, filta ilichukue. Pampu yenyewe kama ina mwaka haijafunguliwa, ilaze kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa saa moja, sugua, suuza. Pampu yangu ilikuwa imepungua nguvu taratibu sikuona, nilipoisafisha ngozi nyekundu upande ule iliondoka ndani ya wiki mbili bila kitu kingine.

Usielekeze pampu chini, mchanga utapanda ukafunike matumbawe.

Hatua ya 5: Chakula

Fosfeti nyingi kwenye tangi lako imeingia kwa mkono wako. Chakula cha barafu kiyeyushe kwenye chujio la chai, suuza, yale maji yake mwaga kwenye sinki usiyamimine tangini. Lisha kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Wanaowapa samaki dagaa waliosagwa na uduvi, sikatai, lakini kwa kipimo kidogo na visuuzwe. Na wageni wakija wasiruhusiwe kulisha, najua watoto wanapenda, wape zamu moja ya kudondosha ulichokipima wewe.

Hatua ya 6: Taa

Weka taima. Saa 8 kwa siku zinatosha, wakati wa kupambana shuka mpaka 6. Kama taa ya LED ina rangi tofauti punguza nyeupe na nyekundu, bakisha bluu. Na tangi lisipigwe na jua la dirishani, kwetu jua la saa tisa linaingia mpaka ndani, weka pazia zito.

Hatua ya 7: Giza la siku tatu

Hii ni kwa ngozi nyekundu iliyogoma, na kwa baadhi ya dinoflajeleti. Daiatomu na nywele za kijani usipoteze muda.

1. Nyonya ute wote unaoweza siku hiyo. Usianze giza ukiwa na ute mwingi, ukifa wote kwa mara moja unaoza na kumaliza hewa.
2. Washa pampu ya hewa, skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) iendelee kufanya kazi.
3. Zima taa, funika tangi pande zote kwa blanketi zito au mifuko myeusi, juu acha upenyo wa hewa.
4. Saa 72 kamili. Usichungulie kila baada ya nusu saa. Samaki lisha kidogo sana mara moja kwa siku kwa mwanga wa chumbani, hawatakufa, na matumbawe yanavumilia siku tatu.
5. Ukifunua, nyonya mabaki, badilisha maji (isipokuwa dinoflajeleti), washa taa kwa muda wa saa 4 tu siku ya kwanza halafu ongeza taratibu.

Kosa ninaloliona: mtu anafanya giza, tangi linatoka safi, anarudisha kila kitu kama zamani. Wiki mbili ute huo hapo. Giza linakupa nafasi tu ya kurekebisha hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 8: Kama ni dinoflajeleti

Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo. Mwaka ule nilikuwa najisifia maji yangu yanasoma naitreti 0 na fosfeti 0, nilikuwa naweka punje za chuma za kunyonya fosfeti, nabadilisha maji kila wiki, skima inanguruma. Nikaona kamasi la kahawia. Nikajua ni ngozi nyekundu ya rangi tofauti, nikapunguza chakula zaidi na nikabadilisha maji mengi zaidi. Ndani ya siku tisa konokono wote chini, mmoja mmoja, nikawa nawatoa asubuhi. Niliumia sana kwasababu nilikuwa nafanya kazi kila siku na kila kazi niliyofanya ilikuwa inaziongezea nguvu.

Dinoflajeleti zinashika tangi lililokauka chakula, maana wapinzani wao wote wamekufa njaa. Kwahiyo tiba yake inaenda kinyume na unavyofikiri:

1. Acha kubadilisha maji. Toa punje za kunyonya fosfeti.
2. Pandisha naitreti ifike 5 mpaka 10, na fosfeti 0.05 mpaka 0.1. Lisha zaidi, punguza saa za skima. Haipandi? Tumia sodiamu naitreti safi ya akwariamu, gramu 1.4 kwa lita 200 inapandisha kama 5, ila igawe siku tatu, na pima kila siku. Fosfeti nayo ina dawa yake ya akwariamu, fuata pakiti.
3. Nyonya kupitia soksi kila mchana likiwa limejaa, rudisha maji, osha soksi.
4. Taa ya UV (mionzi yake inaua chembe zinazopita na maji) kama unaipata, wati 18 hivi kwa lita 200, ichukue maji moja kwa moja toka tangini na mkondo uwe wa polepole. Inafaa kwa zile zinazoachia mawe usiku na kuogelea. Zile zinazoishi ndani ya mchanga UV haizifikii.
5. Konokono walio hai wahamishie kwenye ndoo yenye hewa na hita mpaka hali itulie.

Usishtuke katikati ya safari ukiona ngozi nyekundu au nywele za kijani zinaanza. Mi nilipoziona nilijua nimeshinda, maana hizo tunazijua namna ya kuziondoa. Ilinichukua karibu miezi mitatu.

Hatua ya 9: Kama ni mwani wa kijani

Kung'oa kwa mkono kila wiki, hakuna njia ya mkato. Jiwe dogo unaloweza kulitoa, litoe, lidondoshee haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (ipo famasi) juu ya mwani tu bila kugusa matumbawe, subiri dakika tatu nne, suuza na maji ya tangi kwenye ndoo nyingine, rudisha. Kamba wa urembo hawaipendi kabisa hiyo dawa kwahiyo usiimimine tangini.

Fosfeti ikiwa juu tumia zile punje za chuma kwa nusu ya kipimo, ishuke pole pole wiki hadi wiki. Vigololi vya kijani vitoe vizima kwa kubandua chini na kucha ya plastiki, huku mpira unanyonya pembeni, jitahidi kisipasuke ndani ya tangi.

Walaji wanasaidia: konokono wa trokasi na wa tabo ni wazuri, wawili watatu kwanza uone kama chakula kinawatosha. Konokono wa nasariasi hali mwani, anakula mizoga, wauzaji wengine hawatakuambia. Kangaja na tafi wanakula mwani kweli lakini lita 200 ni ndogo kwao, usimfunge samaki wa kuogelea kilomita kwenye boksi kwa sababu ya nywele za wiki sita. Na tafadhali usiende kuokota konokono na mawe hai visiwa vya Bongoyo au Mbudya, yale ni maeneo tengefu ya bahari.

Dawa za kuua ute

Nimeziweka huku chini kwa makusudi. Zipo dawa za ngozi nyekundu za akwariamu na zinafanya kazi, mara nyingi ndani ya siku mbili. Kama umemaliza hatua zote wiki sita na bado, pima ujazo wa maji halisi (toa mawe na mchanga, tangi la lita 200 linaweza kuwa na maji lita 160 tu), weka kipimo cha pakiti, toa mkaa wa kuchujia maji, zima UV, tia hewa nyingi usiku na mchana, ikifika muda ulioandikwa badilisha maji asilimia 20. Skima itatapika povu siku kadhaa, toa kikombe chake au ishushe.

Vidonge vya antibayotiki vya binadamu vya kufungua na kumwaga tangini, usifanye. Hujui kipimo, vinaweza kuvuruga bakteria wanaosafisha amonia, na maji utakayomwaga yanaenda kwenye mtaro wa mtaa wako na dawa ndani.

Ikitokea hivi

Samaki wanapumulia juu baada ya giza au dawa: hewa imeisha. Pampu ya hewa sasa hivi, elekeza pampu nyingine ivunje uso wa maji, badilisha asilimia 20. Usisubiri asubuhi.

Maji yamekuwa meupe kama tui: bakteria wamezaliana wakila ute uliokufa. Usilishe siku mbili, tia hewa, soksi safi, yanatulia yenyewe.

Nimenyonya leo kesho kutwa umerudi: kawaida mwanzoni. Nyonya kila siku ya tatu kwa wiki tatu halafu linganisha na picha ya hatua ya 1. Kama eneo ni lilelile tu, tatizo ni mkondo. Kama linahama kila mahali, rudia kupima maji unayojazia.

Matumbawe yamepauka baada ya kuweka punje za fosfeti: umeshusha haraka mno. Zitoe, lisha kidogo zaidi, punguza mwanga wiki mbili.

Umeme umekatika katikati ya giza la siku tatu: pampu ya betri iingie kabla ya saa moja kupita. Kama huna, chota maji kwa jagi uyamimine toka juu kila baada ya dakika kumi. Umeme ukikosekana zaidi ya masaa manne fungua mablanketi, giza utalianza upya siku nyingine.

Kuna madoa magumu ya zambarau na pinki yanaenea kwenye mawe, hayatoki hata kwa mswaki: hayo acha kabisa! Huo ni mwani wa chokaa, ndo unaoshika nafasi ambayo ute ungeitaka. Kwenye kioo cha mbele kwangua uone samaki, kwingine kote uache uenee.